Nilivyonena kwa Lugha Mbele ya Mama Wanza

Leo nimevuliwa nguo kanisani, na suti nilikuwa nimeivaa yote, hadi kifungo cha juu.

Nawaandikia ninyi wanne wa meza ya Kariokor, wenzangu wa kila Jumamosi, kwa karatasi ya kaboni, ili kila mmoja apate nakala yake na asidanganywe na mwenzake. Ni Jumapili, saa kumi na moja jioni. Masikio bado yanawaka. Nikingoja hadi Jumamosi mtakuwa mmeshasikia kwa watu, na watu huongeza chumvi. Afadhali niipike mwenyewe.

Mnanijua. Gitau wa Jericho, mwandishi wa riwaya mbili ambazo hakuna aliyekubali kuzichapa. Mchana mimi ni mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji kule Baba Dogo. Naokota herufi za risasi moja moja na kuzipanga kinyumenyume, ili zikilalia karatasi zisomeke sawa. Sentensi yangu iliyosomwa na watu wengi kuliko zote ni "Weka mbali na watoto." (Iko kwenye paketi ya sumu ya panya. Mtindo wake ni mkavu, lakini ina uzito.)

Na Wanza mnamjua, ingawa hamjamwona, kwa kuwa yumo katika kila shairi ninalowasomea mpaka chai yenu inapoa. Anakaa Jerusalem, mtaa wa jirani. Baba yake ni dereva wa lori. Wiki tatu kati ya nne yuko barabarani. Mama yake ni fundi wa cherehani, hushona sare za kwaya na za shule. Kwa hiyo nyumba ile ina mlango mmoja tu, na mlango huo unaitwa Mama Wanza.

Miezi kumi nimekwenda pale kila Jumapili saa tisa. Nakunywa chai. Naisifu chai. Naeleza habari ya sura ya saba ya riwaya yangu, ambayo hakuna aliyeniuliza. Naaga. Lile neno lenyewe, kwamba namtaka binti yake, lilikuwa likifika hapa kooni linakwama kama mfupa, kisha linageuka na kurudi lilikotoka. Mimi! Mtu ambaye kwenye karatasi humaliza kurasa tatu kwa kueleza wanja wa jicho moja!

Wiki mbili zilizopita Wanza akanipa kikaratasi pale stendi, bila kusema neno. Kiliandikwa hivi: "Gitau, mama amesema lazima unene. La sivyo hana binti wa kukupa. Usiniulize mimi."

Lazima unene. Tazameni neno hilo. Herufi tano, na mimi kula yangu ni herufi. Likanipiga chini.

Kwanza nilidhani anasema nimekonda.

(Msishike mbavu zenu bado. Ni kweli nimekonda. Suti hii nikiivaa hukaa kama imetundikwa ukutani.) Basi nikala. Siku tano, chapati nne asubuhi na nne jioni. Nilichopata ni kiungulia na macho mabaya ya dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akizisukuma.

Siku ya sita, Ijumaa, nikapita nje ya ukumbi wa jamii wanakosali kina Mama Wanza. Walikuwa kwenye maombi. Nikamsikia mchungaji wao ndani, sauti inapanda: "Bwana, wajalie watu wako wanene! Wanene kwa lugha mpya!"

Nikasimama barabarani kama nguzo ya stima.

Unene! Yaani ninene! Ninene kwa lugha!

Sasa mnijue vizuri. Mimi nimelelewa katika kanisa ambalo mtu akitaka kukohoa husubiri wimbo wa mwisho. Baba yangu ni mzee wa kanisa hilo. Akipita karibu na ukumbi ule siku ya maombi hutikisa kichwa na kusema, "Mungu si kiziwi." Kwake, sala ni kama barua ya ofisi: iwe fupi, iwe safi, iwe na mwisho. Lakini Mama Wanza nilimsikia siku moja akijibu neno hilo hilo alipotaniwa na jirani. Hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Mungu si kiziwi, ndiyo," alisema. "Ila mimi ndiye bubu siku nyingine. Ndipo Yeye hunisemea."

Nililiandika jibu hilo kwenye daftari langu. Sikulielewa. Nililipenda tu lilivyokaa.

Nikaamua kuitafuta lugha. Na nataka muandike hili upande wangu wa mizani: nilianza kwa uaminifu. Asubuhi tatu mfululizo nilijifungia kwenye bafu la pamoja la wapangaji wa ploti yetu, ndoo mbele yangu kama mimbari, nikafumba macho, nikafungua mdomo, nikangoja. Siku ya kwanza ilikuja sala ya Kikikuyu ya bibi yangu. Siku ya pili ilikuja "Weka mbali na watoto." Siku ya tatu nilipaza sauti kidogo, "Aaa! Aaa!" na jirani akagonga mlango kwa ndala.

"Gitau! Umeungua ama ni tumbo?"

"Naomba, mama!"

"Unaomba nini, maji? Toka, wengine tuko na kazi!"

Jumatano kazini nilikuwa napanga lebo ya sabuni. Neno "povu". Mnajua kwenye chuma kila kitu hukaa kinyume. Nikalitazama, jicho likaruka silabi, likasoma "vupo", na paa la kiwanda likanifungukia.

Kinyume! Ule mchezo wetu wa utotoni! Mnaukumbuka nyote. Silabi ya mwisho inaruka mbele ya neno, basi. Nyumba inakuwa mbanyu. Sukari inakuwa risuka. Jericho nzima tuliuzungumza mbele ya wazazi huku tunapanga kuiba hiyo risuka, nao wanatutazama kama vifaranga vinavyolia. Na sikio la mtu mzima, ukisema haraka, macho umefumba, hutofautishaje na lugha ya malaika?

(Najua. Najua! Mnafikiri sikujiuliza? Nilijiuliza. Nikajijibu kwamba ninasema kweli tupu, ila nimeipanga vingine. Mwandishi hakosi sababu.)

Niliangalia kila tundu. Watu wazima wa kanisa lile wengi walikuja Nairobi wakiwa wameshaoa na kuolewa, kutoka Machakos na Murang'a. Kinyume ni kitu cha watoto waliozaliwa mtaani. Na watoto hutolewa nje mapema kwenda darasa lao chini ya ngazi. Nikatunga maneno yangu, nikayakariri kwa siku tatu. Jina la Mungu nikaliacha kabisa. Kwanza niliogopa. Pili, ukiligeuza linakuwa "ngumu," na ngumu kila mtu anaijua. "Mama" nikaiacha palepale, kwa sababu mama hana kinyume. Mgeuze utakavyo, anabaki mama. Niliona jambo hilo ni zuri sana. Sikuona kwamba ni shimo: neno hilo moja kila mama angelisikia.

Wanza sikumwambia kitu. Nilitaka iwe zawadi.

Leo asubuhi nikavaa suti ya kijivu ya shemeji, suruali yake ya bugaluu, pana chini kama kengele, viatu vya kung'aa. Yule msafiri wa hadithi alitoka Yerusalemu kwenda Yeriko akapata majambazi. Mimi nilikuwa natoka Jericho kwenda Jerusalem. Nikajiambia nimeshika upande salama wa barabara.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Leo kwao ilikuwa sikukuu ya shukrani ya mwaka. Watu walileta maboga, kuku waliofungwa miguu, debe la mahindi, na nyuma ya ukumbi kulikuwa na sufuria tatu kubwa za wali na nyama iliyonunuliwa soko la Burma alfajiri. Harufu ilikuwa ikiingia kwa madirisha na kukaa na sisi kwenye mabenchi. Mama Wanza alikuwa benchi la mbele, kitambaa cheupe kichwani. Wanza alikuwa kwenye kwaya, sare ya samawati iliyoshonwa na mama yake. Aliponiona akakosea mstari mzima wa wimbo. Sikuwa nimewahi kumwona ndani ya kanisa lake, wala yeye hakuwa amewahi kuniona ndani ya bugaluu.

Watoto wakatolewa. Nikawahesabu hadi wa mwisho.

Mchungaji Elkana, mtu mfupi, mpole, ambaye wiki nzima hutengeneza baiskeli, akasema, "Ndugu zangu, tumshukuru Mungu kila mtu kwa jinsi anavyojaliwa." Na ukumbi ukaanza.

Nataka niseme hapa, bila mzaha, nilichosikia. Nilitarajia kelele. Haikuwa kelele. Ilianza kama matone ya kwanza juu ya mabati, hapa moja, pale moja, halafu ikawa mvua yote. Walinzi, makarani, wauza mboga, kila mmoja na maneno yake, na maneno yote yakielekea juu. Mama Wanza alikuwa ameinua viganja tu, kidogo, kama mtu anayepokea mtoto. Midomo yake ilikuwa ikitembea na machozi yanashuka bila fujo. Nikakumbuka lile jibu lake kwenye cherehani. Nikalielewa. Na nikataka kuondoka.

Naapa nilitaka kuondoka. Niligeuka kutazama mlango. Lakini nikamwona Wanza, na Wanza alikuwa akinitazama, na mdomo wangu, ambao miezi kumi haukufunguka, ukafunguka.

"Mama!" nikaanza. "Mama, ndanampe Nzawa! Kanata akumuo! Panaogo makuse!"

(Ligeuzeni wenyewe, ninyi ni watu wa vitabu. Haya, nitawasaidia: Mama, nampenda Wanza, nataka kumuoa, naogopa kusema.)

Ilitoka tamu! Ilivuma! Mzee aliyekuwa kando yangu akanishika bega na kusema, "Ndiyo, Bwana, mjaze!" Nikajaa. Nikarudia mara ya pili kwa sauti zaidi, mara ya tatu nikainua mikono. Kisha maneno niliyoyakariri yakaniishia, na huo ndio ugonjwa wetu waandishi, hatujui mahali pa nukta. Nikaendelea kwa kubuni. Nikachota chochote kilichokuwa moyoni kuhusu nyumba ile.

"Icha koya!" nikapaza sauti, machozi ya furaha yakinijia. "Icha koya nai zitangawi nginyi! Zitangawi! Zitangawi nginyi!"

Chai yako ina tangawizi nyingi.

Mvua ikakatika. Sikugundua mara moja. Nilipogundua, nilikuwa nimesimama peke yangu katikati ya ukumbi, mikono juu, nikisema habari ya tangawizi, na watu mia mbili wananitazama kwa heshima.

Mchungaji Elkana akafuta miwani yake. "Ndugu mgeni," akasema taratibu, "tunamshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini mtume alitufundisha utaratibu. Mtu akinena kwa lugha mbele ya kanisa, awepo wa kufasiri, ili wote wajengwe. Kuna aliyepewa tafsiri?"

Kuku mmoja akalia kwenye sadaka. Nikaomba, na hiyo ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kweli kwa siku nyingi: wasipewe, Bwana, wasipewe.

Hapo ndipo nikamwona Mama Wanza. Hakuwa amesimama. Alikuwa amegeuka tu kwenye benchi lake, jicho moja limefumba bado, jingine limefunguka. Na hilo jicho moja lilikuwa likinitazama kama linavyotazama mshono uliokwenda upande. Kisha akasema, kwa sauti ya wazi kabisa:

"Nane, nakija! Nane!"

Jasho likanitoka mgongoni likaingia bugaluu.

Nane. Igeuzeni. Nena. Nakija. Kijana. *Nena, kijana! Nena!*

Anajua kinyume. Mama Wanza anajua kinyume! Amesikia yote. Amesikia ya Wanza, na amesikia ya tangawizi.

Lakini kanisa halikusikia hivyo. Mzee aliyekuwa kando yangu, mlinzi wa benki mwenye sauti ya kengele, akaruka juu. "Mmesikia? Nane, nakuja! Bwana amesema, nane, nakuja!"

"Nane, nakuja!" wakapokea wengine nyuma. Mama mmoja akaanza kulia. "Anakuja! Na mimi sijampigia shangazi yangu simu!"

"Nane ni nini? Siku?"

"Siku, ama miezi?"

"Saa nane ya mchana ama ya usiku?"

Mchungaji Elkana akainua mkono. Namheshimu mtu huyu; hakukurupuka. "Tulieni. Hatusemi zaidi ya tulichosikia. Lakini kama Bwana anatutaka tujiweke tayari, na tujiweke tayari. Tutafunga na kuomba siku nane. Kuanzia sasa. Waambieni akina mama waondoe sufuria motoni."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi, na kile ulichovuta kilikuwa harufu ya nyama.

Mzee mlinzi, yule yule wa kengele, akainua kidole, polepole, kama mtoto wa shule. "Mchungaji. Mimi nina vidonda vya tumbo. Daktari amesema nile kidogo kidogo. Maziwa yanahesabiwa?"

"Utafunga kadiri utakavyoweza, mzee."

"Hapana," akasema yule mzee, akikaa. "Kama anakuja, nitafunga yote." Na akakunja mikono juu ya tumbo lake kama anayeliaga.

Jamani. Nilikuwa nimekuja kuiba binti mmoja kwa maneno. Sasa nimeiba chakula cha watu mia mbili, na huenda na tumbo la mzee wa watu.

Nikamtazama Mama Wanza. Nilidhani atasimama aniokoe, au asimame animalize. Lolote kati ya hayo lingekuwa rahisi. Hakusimama. Aliweka mikono mapajani na kuningoja. Macho yote mawili sasa. Nilijua nilichokuwa nacho mkononi. Nikinyamaza, hakuna atakayejua ila yeye na mimi, na hatanipa binti yake hata dunia igeuke. Nikisema, kila mtu atajua, na hatanipa vilevile. Katika njia zote mbili nilikuwa nimempoteza Wanza. Tofauti ilikuwa ni vidonda vya mzee tu.

"Mchungaji," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kuku wa sadaka. "Msifunge."

"Ndugu?"

"Msifunge, tafadhali. Sufuria zirudi motoni. Hakuna anayekuja. Samahani, Yeye atakuja, ndiyo, lakini si kwa nane hii. Hii nane si nane. Ni nena."

Watu wakatazamana.

"Ile haikuwa lugha ya Roho. Ilikuwa kinyume. Mchezo wa watoto. Nyumba, mbanyu. Sukari, risuka." (Nilikuwa nikieleza! Mbele ya kanisa, nikitoa mifano, kama mwalimu!) "Nilijifunza Jericho nikiwa na miaka sita. Nimewadanganya. Naomba mnisamehe, na wewe mzee, kunywa maziwa."

Mnajua kimya cha mashine ya kuchapa ikizimwa ghafla? Sikio linauma.

Ndipo Mchungaji Elkana akauliza, kwa upole uleule ulionichoma kuliko kofi, "Na ulikuwa ukisema nini, kijana?"

Sikuweza. Mfupa ule ule, koo lile lile.

"Mimi nitafasiri," akasema Mama Wanza, na akasimama.

Akajifunga lesso kiunoni vizuri. Akageukia kanisa.

"Huyu kijana anasema hivi. 'Mama, nampenda Wanza. Nataka kumuoa. Naogopa kusema.'" Kwaya yote ikamgeukia Wanza. Wanza akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, na kitabu kilikuwa kimeshikwa juu chini. "Hayo ameyasema mara tatu. Halafu akasema," hapa Mama Wanza akatua, fundi anayejua pa kukata kitambaa, "kwamba chai yangu ina tangawizi nyingi. Mara tatu pia."

Aliyeanza kucheka ni mzee wa vidonda. Kicheko chake kilianza chini, kikapanda na ile kengele, na baada ya hapo sikuweza kutofautisha nani ni nani. Walicheka wanaume wakaegemeana. Walicheka akina mama wakapanguza macho kwa vitambaa. Watoto wakakimbia kutoka chini ya ngazi kuja kuona, na mmoja, akishaelezwa, akaniita kwa sauti kubwa, "Ugita! Ugita!" Mchungaji Elkana alivua miwani na kugeukia ukuta, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Lakini mama," nikasema, kwa kuwa nilikuwa sina tena cha kupoteza, "wewe ndiye uliyesema lazima ninene!"

"Nilisema."

"Basi nikatafuta lugha."

"Lugha?" Mama Wanza akanitazama, kisha akaitazama kwaya. "Wanza! Ulimwambia nini mtoto wa watu?"

"Nilimwandikia ulivyosema, mama! Lazima unene!"

"Unene, ndiyo! Uongee! Ufungue huo mdomo useme ulilolijia! Miezi kumi mtu anakunywa chai yangu, ananieleza habari ya sura ya saba. Nikasema, huyu anataka nini? Kama anamtaka Wanza anene, kama ni nyumba anataka kukodisha anene, tujue moja! Nani alitaja lugha?" Akageukia akina mama wenzake. "Mimi nimezaliwa Pumwani, nimekulia kwa Waswahili. Kwetu mtu akiongea tunasema amenena. Na hicho kinyume chenu," akanigeukia tena, "mnadhani mmekizua ninyi wa Jericho? Sisi tulikizungumza Majengo, hapo hapo Pumwani, tukiwa wasichana, mbele ya mama zetu, kabla baba yako hajaoa."

Ndiyo hayo, ndugu zangu. Dai la mama lilikuwa la kawaida kabisa. Nilitakiwa kufungua mdomo na kusema sentensi moja ya Kiswahili. Nikazunguka kupitia chapati arobaini, bafu la ploti na malaika.

Nikaanza kuelekea mlangoni. Mchungaji Elkana akanishika mkono.

"Kijana, hapa hatumpi mtu mtihani wa lugha," akasema, bado akipanguza macho. "Ni zawadi. Wengine wanayo, wengine hawana, na wote wanakula wali. Kaa."

Nikala wali. Watu walikuwa wakipita nyuma yangu wakinong'ona "zitangawi" na kunigonga bega. Mzee wa vidonda alikaa kando yangu na bilauri yake ya maziwa, akaniombea mbele ya sahani kwa Kikamba, sala ndefu. Sikuelewa hata neno, na nilijisikia nimesafishwa.

Saa tisa, kama kawaida, nilikuwa kwenye kiti changu Jerusalem. Sikukaribishwa; miguu ilinipeleka yenyewe, imezoea. Mama Wanza alileta chai mwenyewe. Aliiweka mbele yangu. Rangi yake ilikuwa ya tangawizi peke yake.

"Kunywa."

Nikanywa. Moto ulipita kooni na kuuondoa mfupa wa miezi kumi. Nasema kweli. Kwa mara ya kwanza koo langu lilikuwa wazi, na nikasema, pole pole, kila silabi mahali pake: "Mama, nampenda Wanza. Nataka kumuoa. Nimekuja kukuomba."

Akavuta kiti. "Ile lugha usiichezee tena," akasema, na hakuwa anatania. "Mimi nilikaa kwenye lile benchi miaka saba nikiingoja. Wenzangu wote wananena, mimi kimya. Nilikuwa nikirudi hapa nalia. Siku ilipokuja hata haikuwa kanisani. Nilikuwa naosha vyombo."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe pale pale ulipomwambia mzee anywe maziwa. Ungenyamaza, ningenyamaza na mimi, na usingekanyaga hapa tena." Akamimina chai nyingine, bila kuuliza. "Baba Wanza anarudi Alhamisi. Mwambie baba yako aje aonane naye. Mwambie hatutapiga kelele."

Kutoka jikoni Wanza alikuwa akijifanya anaosha vikombe, na hakukuwa na mlio hata mmoja wa maji.

Nikasimama kuaga. Mlangoni Mama Wanza akanishika kola ya suti ya shemeji, akainyoosha, kisha akanisogelea sikioni.

"Naumene, nakija," akasema. *Umenena, kijana.*

Nimerudi Jericho kwa miguu na sikumbuki kama nilikanyaga chini. Nawashukuru watu wengi leo: mchungaji wa baiskeli, mzee wa maziwa, wasichana wa zamani wa Majengo na mchezo wao. Nashukuru hata aibu yenyewe, kwa kuwa bila hiyo ningekuwa sasa hivi nimo kwenye sura ya nane.

Jumamosi nitakuja mezani kama kawaida. Ombi langu ni moja tu, wenzangu, na nimelipanga kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kwa herufi: kemsiche.